Kampuni Haina Mama Mkwe

Mto wetu wa huku chini Makueni huwa na maji juu wakati wa mvua peke yake. Miezi mingine maji yanalala chini ya mchanga, na sisi wanawake tunayafuata huko. Unachimba, unangoja yajae, unachota kwa kibuyu polepole usichafue. Kila mama alikuwa na kisima chake. Hata leo ningekutajia kisima hiki kilikuwa cha nani na kile cha nani, kuanzia kwenye mwamba hadi mto unapokata kona. Majina yote ninayo. Siyaandiki kwa sababu wengine wamelala, na watoto wao wana maneno mengi.

Kampuni ilikuja miaka ya themanini. Ilikuwa ya watu wa nje. Ilikodi shamba kubwa kando ya mto ilime bamia na karela, zipandishwe ndege zikaliwe Ulaya. Mimi nilionja karela mara moja, nikatema. Nikasema, kama kuna watu wanatoa pesa wale uchungu kama huu, basi hao ni watu wavumilivu, hatutakosana nao.

Wazee waliuliza neno moja tu: pampu ikianza kuvuta, visima vya akina mama vitakuwaje? Meneja wa kwanza, mzungu mrefu mwenye kofia, akajibu, na karani akatutafsiria: "Amesema visima havitaguswa." Basi tukachinja mbuzi. Kwetu mtu akila mbuzi wako juu ya neno, hilo neno limefungwa, halifunguliwi ovyo. Yule mzungu alikula vizuri. Aliomba hata supu. Tulirudi nyumbani tukiimba.

Baadaye alihamishwa. Kampuni ilikuwa na mashamba mengine, sijui Zambia, sijui wapi. Akaja mwingine, na pampu kubwa kuliko ile. Kabla ya mvua kurudi visima vyetu vilikuwa vikavu. Unachimba mpaka kichwa chako hakionekani na unatoa tope.

Tukaenda ofisini. Tukakumbusha habari ya mbuzi.

"Mbuzi gani?" meneja mpya akauliza kupitia kwa karani.

"Ile mliyokula mkakubali."

Karani akazungumza naye, akarudi kwetu. "Amesema aliyekula mbuzi ni yule mwingine. Hakula kwa niaba ya kampuni."

Jirani yangu, mama mwenye ulimi kama wembe, akasema: "Kwani alipokuwa anakula, hilo tumbo lilikuwa la nani? Mwambie alete kampuni yenyewe tuipikie."

Karani alicheka. Hiyo hakutafsiri.

Mwenyekiti wetu wa mwethya, kile kikundi chetu cha kusaidiana kazi, akapanda basi hadi Nairobi. Huko akaambiwa ofisi ile ni ya kupokea mboga tu na kuzisafirisha, wenyewe wako Ulaya. Aliporudi, kibao cha kwenye geti kilikuwa kimepakwa jina jipya. Karani akasema wale wa Ulaya wameuza nusu kwa wengine wa nchi nyingine. Sasa utamshika nani? Kwetu ukikosana na mtu unaita ukoo wake, mnakaa chini. Kampuni haina ukoo. Ina sanduku la posta. Mimi nakumbuka jina la kila mtu niliyewahi kupeana naye mkono, lakini hii ilibadilisha lake kabla sijalizoea.

Ndipo tukaamua kwenda kukaa juu ya paipu. Tulikwenda asubuhi, mwethya mzima, na mitungi yetu mitupu, tukaketi pale paipu inapoingia mtoni. Meneja akatuma masoja watuondoe.

Masoja walikuwa vijana wa hapa. Mmoja, kutoka upande wa Mbumbuni, alikuwa amemwoa binti yangu wa pili. Na Mkamba hamkaribii mama mkwe wake, hamwangalii usoni, sembuse kumshika mkono. Hiyo heshima tunaiita nthoni. Aliponiona alizunguka haraka akasimama nyuma ya tangi.

"Nenda wewe uwaambie watoke," akamwambia mwenzake.

"Kwani wewe huna mdomo?"

"Yule wa mbele ni mama mkwe!"

Mwenzake akachungulia. "Wuui! Na wangu ndiye yule wa kitambaa chekundu!" Naye akaingia kwenye bamia.

Tulicheka mpaka mwenye mtoto mgongoni akalia machozi. Meneja akawa anauliza askari wake wamepotelea wapi, na karani hakujua aanzie wapi kumweleza.

Tulikaa mpaka jua likaenda. Meneja akapiga simu Nairobi, Nairobi nao wakapiga sijui wapi, jibu likarudi: pampu itapumzika Jumamosi na Jumapili. Maji yakarudi visimani, kidogo, lakini yakarudi.

Halafu msimu uliofuata lori zikaja zikapakia pampu, paipu, hata mabati ya stoo. Wengine walisema kampuni imepata nchi ambayo vibarua ni rahisi kuliko sisi. Wengine wakasema wamiliki wameuza tena. Hakuna aliyekuja kutuaga. Mkwe wangu alirudi nyumbani na tochi ya kazi na buti, basi.

Binti yangu alikuja na watoto wake. Hakuketi.

"Mwaitu," akasema, yaani mama kwa Kikamba, "ni nyinyi mlifukuza kampuni."

"Sisi tulitaka maji tu."

"Na mimi nilitaka mshahara wa mzee wangu. Wangapi watarudishwa nyumbani kwa sababu ya karo? Si hawa?"

"Hawakuondoka kwa sababu yetu."

"Nani alikuambia?"

Hakuna aliyeniambia. Si meneja, si karani, si wale wa Nairobi. Labda ni sisi. Labda huko waliko hawakuwahi kusikia kwamba kuna wanawake walikaa juu ya paipu. Ningejua ni mlango gani nibishe, ningebisha, hata wa ng'ambo, hata kwa miguu.

Binti yangu alichukua mtungi wangu uliokuwa mlangoni, akateremka nao mtoni.