Kopo la Biskuti na Bwana Masikio

Mke wangu hutengeneza vifaa vya kusikia. Mwaka wa kumi na tisa huu yuko pale kliniki, kwenye meza ya dirishani, akifungua vidude vidogo kama punje ya haragwe, huku wazee wakimpigia kelele utadhani kiziwi ni yeye. Kwa hiyo siku kaka yangu aliposema mbele ya watu kwamba wanawake hawana sikio la muziki, nilijua amejipalia makaa.

Kaka tunamwita Bwana Masikio. Anayo makubwa, hilo ni la Mungu, lakini jina alilipata kwa majigambo. Ukimwekea santuri hufumba macho, kisha anatangaza kwamba besi imenenepa kidogo. Nyumbani kwake kuna kisanduku cheusi kinachong'aa, chenye taa ya buluu, kilichotoka ng'ambo. Kazi yake ni kukuza sauti ya sindano ya santuri kabla haijafika kwenye amplifaya, maana sauti hiyo peke yake ni mnong'ono tu.

"Hiki hapa kwetu hukipati, shemeji," alimwambia mke wangu.

"Nitakitengeneza."

"Utatengeneza nini?"

"Hicho hicho. Tena kitakishinda chako."

Alichora sakiti nyuma ya kalenda, akachomelea vipande wiki mbili, akavishindilia vyote ndani ya kopo la biskuti. Jumapili tukamwita kaka. Sindano ikagusa santuri, mwimbaji akaanza, na nyuma yake ukaja mvumo: mmmmmm.

"Shemeji," kaka alisema akifuta machozi ya kicheko, "umeniitia muziki au mashine ya kusaga?"

Mke wangu hakukasirika. Hapo ndipo nilipoogopa. Akigomba najua yataisha. Lakini akiosha vikombe huku anaimba polepole, kuna mtu atakiona.

Kesho yake aliunga betri badala ya umeme wa ukutani. Mvumo ukakatika.

"Umeona? Sakiti ni nzima," aliniambia. "Chakula chake ndicho kibaya."

Basi akaitoa transfoma, ile ya kupunguza umeme wa ukutani, akaipa kopo lake peke yake na kuiweka umbali wa mkono mzima. Akaongeza kapasita nene kama vidole gumba, na kidude cha kutuliza umeme usipande wala kushuka. Mwisho akakusanya nyaya zote za ardhi kwenye skrubu moja.

"Kwa nini moja?" niliuliza.

"Umeme ni kama shangazi yako akiaga. Ukimpa milango miwili, atazunguka humo humo akipiga soga. Mpe mmoja, atoke."

Niliegesha sikio kwenye spika. Kimya. "Mbona umezima?"

"Sijazima," akasema, na akacheka kicheko ambacho hakikunipendeza hata kidogo.

Jumapili iliyofuata alimwomba kaka aje na kisanduku chake, tulinganishe. Mimi nilishaonywa kwamba nikicheka, chakula nitajipikia. Kisanduku kiliwekwa juu ya meza, kopo likakaa chini ya meza, nyuma ya kitambaa chake.

"Wewe mgeni, kaa. Nyaya niachie mimi," mke wangu alisema, akainama nyuma ya meza.

Taa ya buluu ikawaka. Muziki ukaanza. Kaka akafumba macho.

"Mnasikia?" alisema. "Mnasikia mpiga ngoma anavyovuta pumzi? Hii ndiyo hewa. Kopo haliwezi kutoa hewa."

"Kweli kabisa, shemeji. Na besi?"

"Besi imekaa kitako."

Mke wangu akachukua kitambaa cha vumbi. "Samahani, meza imechafuka hapa chini." Akakiinua kisanduku, nyaya zake zikaning'inia, taa ya buluu ikazimika, akamwekea kaka mapajani. "Nishikie mzigo wako kidogo."

Muziki ukaendelea.

Kaka alifumbua macho. Akatazama spika, akatazama mapaja yake, akanitazama mimi. Nami nilikuwa nimeuma mto wa kochi. Mpiga ngoma, nadhani, alivuta pumzi.

"Shemeji," kaka alisema hatimaye, "wewe si mtu mzuri."

"Ndiyo, shemeji. Biskuti utakula?"

Alinuna hadi kikombe cha pili cha chai, kisha akacheka hadi akapaliwa. Alipoaga alininong'oneza mlangoni: mkeo anaweza kunitengenezea kama lile kopo?

Alimtengenezea, ila kaka alitoa sharti moja: sakiti iingizwe ndani ya kile kisanduku chake cheusi. Mwezi uliopita alitualika pamoja na rafiki zake watatu. Mmoja aliinamia taa ya buluu na kuuliza kwa heshima kilikotoka.

Kaka akamtazama mke wangu kwa macho ya kuomba.

"Kimetoka nje," mke wangu alimjibu mgeni, bila kupepesa. Wala hakudanganya: alikiunganishia nje, kwenye kibaraza chetu, ndala miguuni.

Mgeni akaitikia kwa kichwa. "Ndiyo maana. Vya hapa hapa vinavuma."

Kaka akainuka haraka kwenda kuchukua sukari, na sukari ilikuwa mezani.