Mkono Uliobeba Simu Nzito

Siku moja kabla ya kuiuza simu yangu, niliipima kwenye mizani ya duka la mtaani kwetu, ile ya kupimia sukari. Pamoja na kava na kioo cha kinga ilizidi robo kilo. Mwenye duka aliniuliza kama siku hizi nauza simu kwa kilo. Nikamwambia nataka kujua tu. Hiyo ndiyo tabia yangu: hata jambo ambalo nimeshaliamua lazima nilipime, niliandike, halafu nilipime tena nikihofia kwamba mara ya kwanza nilikosea.

Simu ile niliiwekea akiba miaka miwili. Ilikuwa kubwa, ya daraja la juu kabisa katika kampuni yake, yenye kamera tatu nyuma zilizotokeza kama macho ya kinyonga. Niliihitaji kwa kazi, au ndivyo nilivyojiambia. Mimi hupiga picha za mifugo katika soko la Garissa na kuzituma kwa wanunuzi walio mbali: wenye mabucha Nairobi, wachinjaji wa kambi za wakimbizi za Ifo na Dagahaley, mtu yeyote anayetaka kumwona mnyama kabla ya kukodi lori. Hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza kwa kutazama video na kwa kukosea. Ngamia mmoja nilikuwa nampiga picha ishirini mpaka masikio yasimame sawasawa na miguu yote minne ionekane, huku mwenye ngamia akinitazama kama mtu anayenyolewa bila maji.

"Warya, kijana, unamwoa ama unamuuza?" waliniuliza wachungaji.

Simu hiyo sikuiweka chini. Nikitembea nilikuwa nayo, nikila nilikuwa nayo mkono wa kushoto, nikiketi niliishika kwa mkono wa kulia, uzito wake wote ukiegemea kidole cha mwisho kama sanduku lililoegemea msumari. Baada ya miezi kadhaa kidole hicho kilipata kishimo kidogo kwa pembeni. Kisha kikaanza kufa ganzi. Nilisoma habari za ganzi ya vidole kwenye simu ileile, nikiwa nimeiegemeza kwenye kidole kilekile, na niliposoma kwamba wakati mwingine hali hiyo huishia kwenye ugonjwa mbaya nilifunga ukurasa na sikumwambia mtu.

Mtu niliyepaswa kumwambia ni mjomba wangu. Namwita abti, naye huniita abti vilevile, maana kwetu neno hilo huenda pande zote mbili. Yeye ni dalali wa ngamia, na mwaka huo alikuwa ameanza kunifundisha udalali.

Katika soko letu bei ya ngamia haitajwi kwa sauti. Mnunuzi na dalali hupeana mkono wa kulia, mmoja wao hutupa shali juu ya mikono hiyo, na mazungumzo yote huendelea humo ndani kwa vidole. Kidole kizima kikishikwa ni elfu kumi. Mkono mzima ni elfu hamsini. Kidole kikikunjwa kwenye kiungo cha kati, ni nusu ya hiyo elfu kumi. Nje ya shali watu wanaongea habari za mvua na za majirani, uso haubadiliki. Hivyo jirani mwenye ngamia kama wako hajui umepewa nini, na mnunuzi asiyefika bei haaibiki mbele ya watu. Mkikubaliana mnatikisa mkono mara moja, na baada ya hapo hakuna kurudi nyuma. Mtu akisema umegeuza bei baada ya kutikisa mkono, amekuita mwizi.

Abti alinifanyisha mazoezi nyumbani kwa wiki nyingi, mkono wake ukiwa chini ya leso ya hooyo, mama yangu, naye akitucheka. Nilikuwa hodari. Nasema hivyo bila majivuno, kwa sababu ni kati ya mambo machache niliyoyafanya bila hofu. Nilikuwa nafumba macho na vidole vinasema.

Jumatano moja abti aliniachia ngamia wa kwanza. Alikuwa dume mchanga, mali ya mama mmoja aliyetoka Bura, ambaye alikuwa ameketi kwenye kivuli cha lori akiwa na chupa yake ya chai. Alisema hataki chini ya laki moja. Nilimwita eeddo, kama tunavyowaita wanawake wa umri wa shangazi, nikamwambia asiwe na wasiwasi. Mnunuzi alikuwa mtu wa upande wa Wajir, Mborana, mzoefu wa soko letu. Kisomali chake kilikuwa kidogo na Kiborana changu hakipo kabisa, kwa hiyo tulisemezana Kiswahili.

"Habari ya huku? Mvua nasikia imepiga Fafi," alisema, huku chini ya shali akishika mkono wangu wote. Elfu hamsini. Akaachia. Akaanza tena, kidole kwa kidole.

Nilihisi cha gumba. Nilihisi cha shahada, cha kati, cha pete. Kisha nikasubiri cha mwisho, na pale palikuwa kimya. Sikujua kama ameshika au hajashika. Kidole kilikuwa mbali nami kama kidole cha mtu mwingine.

Ningeweza kusema, "Rudia." Ni neno moja tu, na hata wazee husema. Lakini ilikuwa mara yangu ya kwanza, watu walikuwa wametuzunguka, na mimi ni mtu ambaye akiulizwa swali hawezi kusema hajui. Nikamtazama usoni, nikaona ametulia, nikajiambia mtu aliyetulia hivi amefika bei. Nikakisia. Nikatikisa mkono.

"Laki," nilimwambia mama wa Bura kwa Kisomali, kwa sauti ya chini. Akamshukuru Mungu.

Mnunuzi alilielewa neno hilo. "Laki gani? Mimi nilishika mkono mzima na vidole nne. Tisini."

Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo hata sasa nikilikumbuka natembea chumbani. Sikusema nimekosea. Kabla sijafikiri nilikuwa nimeshasema, kwa sauti iliyosikika mpaka upande wa mbuzi: "Umegeuza! Ulishika tano, sasa umegeuza."

Wale walioketi wakasimama. Yule Mborana hakupaza sauti. Alivuta tu shali yake, akaikunja polepole, akasema, "Mimi nakuja soko hii kabla hujazaliwa."

Abti alifika akipenya katikati ya watu. Alinisikiliza, akamsikiliza mnunuzi, kisha akatandaza shali yake juu ya mkono wangu mbele ya wote.

"Ngapi?" aliuliza.

"Tano."

"Una hakika, abti?"

"Wallahi, tano."

Akafunua shali. Alikuwa ameshika vinne. Kidole changu cha mwisho kilikuwa kimekaa peke yake hewani, kimenyooka kidogo, kama mgeni ambaye hajapewa kiti.

Walicheka, na kicheko hicho ndicho kilichotuokoa. Abti alikibonyeza kidole changu, akaona kishimo, akanipokonya simu, akaipima kwa kuirusha kiganjani. "Huyu anabeba tofali mchana kutwa!" akawaambia watu. "Mkono umekufa, kijana hana kosa. Samahani, ndugu yangu, mkono ndio uliokudhulumu." Mborana alitikisa kichwa, akaondoka bila ngamia. Mama wa Bura alirudi na dume wake nyumbani, na kwa rehema ya Mungu wiki iliyofuata abti alimuuzia dume huyo kwa mtu mwingine kwa bei aliyoitaka.

Mimi nilibaki na maneno ya abti: kijana hana kosa. Yalikuwa mlango wa kutokea, na niliupitia.

Wiki hiyohiyo niliiuza simu. Kijana wa duka la simu mjini aliigeuzageuza, akaisifu jinsi nilivyoitunza, bila mkwaruzo hata mmoja, na sifa hizo ziliniuma kidogo. Nikachukua nyembamba, nyepesi, ya bei ya wastani. Kuhamisha picha kulichukua siku mbili kwa sababu nilikataa kuhamisha zote kwa pamoja. Nilipitia moja moja. Niligundua nina picha mia tatu za mbuzi mmoja mweupe ambaye hata hakuuzwa.

Siku za mwanzo simu mpya ilinitia wasiwasi kwa kutokuwepo kwake. Nilikuwa nimeizoea ile nzito inavyovuta mfuko wa kanzu upande mmoja, hata nikisujudu ilikuwa inatoka mfukoni na kugonga sakafu ya msikiti, na mtu wa safu ya mbele anageuka baada ya salamu kunitazama. Hii nyembamba ilikaa mfukoni kama barua. Kila baada ya hatua kumi nilijipapasa kifuani nikidhani imeibwa. Hooyo aliuliza kama nimepata ugonjwa wa moyo.

Ilikuwa na upungufu wake, na siwezi kuuficha. Betri iliisha kabla ya alasiri. Nilinunua betri ya akiba ya kubeba mfukoni, nikaipeleka kwenye ile mizani ya sukari, na nilipoona simu mpya na betri pamoja vimeipita ile simu ya zamani, mwenye duka alicheka mpaka akakaa. Betri hiyo nikaiacha nyumbani. Kamera nayo haikuweza kumvuta karibu mnyama aliye mbali, kwa hiyo ilinibidi nimsogelee. Ukimsogelea ngamia unamwona kwa macho yako: kidonda kwenye goti, kupe sikioni, jinsi anavyokanyaga. Nikaanza kuandika mambo hayo chini ya picha, na picha zikawa tatu au nne tu kwa kila mnyama. Masikio mengine yalilala. Niliyatuma hivyohivyo, na hakuna mnunuzi aliyelalamika.

Polepole kidole kilirudi. Kwanza kilianza kuwasha, kisha nikahisi baridi ya maji ya udhu, kisha siku moja nikahisi uzi wa shati. Nilidhani nitafurahi. Badala yake, kadiri kidole kilivyopona ndivyo nilivyokosa pa kujificha. Ugonjwa wa mkono ulikuwa kweli, lakini haukuwa kweli yote. Mkono haukusema "umegeuza". Niliyesema ni mimi, tena nikijua kwamba sikuhisi kitu. Mtu yule aliondoka na jina lililoguswa, na soko zima lilijua tu kwamba tulicheka.

Alirudi wiki sita baadaye. Nilimwona upande wa ng'ombe akinywa chai na wenzake. Nilizunguka soko mara mbili nikitunga maneno, nikayaandika kwenye simu, nikayafuta. Mwishowe nilikwenda bila maneno.

"Salamu alaykum, adeer," nilisema, nikimwita ami kwa heshima.

"Wa alaykum salam. Mkono mzima?"

"Mzima. Lakini siku ile nilijua haukuwa mzima. Nilijua sikuhisi kidole. Nilikisia, halafu nikakuita mwongo."

Aliiweka bilauri chini. "Hiyo unaniambia mimi, sikioni?"

"Ndiyo."

"Siku ile uliniambia sikioni?"

Nikaelewa. Nikasimama pale penye watu, nikasema kwa Kiswahili kwamba mtu huyu alishika vinne, hakugeuza, na mimi nilijua kwamba sijui. Kisha nikasema tena kwa Kisomali, ili asibaki aliyekosa kusikia. Mmoja wa wenzake akaguna, "Kumbe simu ilisingiziwa bure," na wachache wakacheka. Mwenyewe hakucheka. Aliniangalia kidogo, akasema, "Haya. Yamekwisha," akachukua chai yake.

Nilipogeuka, abti alikuwa nyuma yangu. Alikuwa amesikia yote.

"Ulijua?" aliuliza.

"Nilijua, abti."

"Na mimi nikasimama pale nikikutetea."

Alifunga begani shali yake, ambayo siku hiyo nilitumaini angenipa niuze tena ngamia. "Hutatia mkono chini ya hii mpaka nikuambie mwenyewe. Piga picha zako."

Mpaka sasa hajaniambia. Imepita Ramadhani, imepita mvua ya masika, nami bado napiga picha. Simwulizi. Wakati mwingine akiuza, mimi husimama nyuma yake nikitazama shali inavyotikisika, na najikuta nahesabu kwa vidole vyangu mwenyewe, bila kukisia.

Yule Mborana huja mara moja kwa mwezi. Akipita huninyooshea mkono, nami naushika wote.