Gunia la Udongo kutoka Mwala

Muia alipowauzia wachoma matofali shamba la familia kijijini Mwala, kaka yake Mulwa alifunga safari kwenda huko. Hakuwa mtu wa kusema. Alienda kumchukua mama yao aje kuishi naye Nairobi, na siku ya kuondoka akashika jembe, akajaza gunia udongo wa pale mama alipozoea kupanda kunde, akalipakia juu ya basi pamoja na godoro. Utingo alicheka akashika mbavu.

"Mzee, kwani Nairobi hakuna udongo?"

Mulwa akaikaza kamba ya gunia.

Gunia lilisimama mbele ya chumba chao katika mtaa wa mabanda wa Kianda, kati ya mlango na mtaro. Mama yake Wanza, waliyemwita Mwaitu, yaani mama kwa lugha yao, macho yalikuwa yamekwisha, lakini pua ilikuwa nzima. Kila asubuhi aliketi kwenye kigoda, akachota udongo kidogo, akaunusa, ndipo akakubali chai. Kunde za kwanza ziliota kwa fujo. Aliyachuma majani mwenyewe kwa kupapasa, na siku zile hakuuliza hata mara moja atarudi lini nyumbani.

Maji ya Kianda ni ya kununua. Ndunge, mke wa Mulwa, alikuwa akiwafulia watu nguo mtaa wa Olympic, na aliona dhambi kumwaga maji ya kusuuzia, maji yanayoonekana safi kabisa, wakati kunde zina kiu. Akawa anarudi nayo kichwani kwa mtungi, jua likimchoma. Mulwa aliyapokea akayamimina kwenye gunia polepole, kama mtu anayemnywesha mgonjwa. Wote wawili walijiona wametumia akili.

Msimu wa pili kunde zilitoka njano, shingo nyembamba. Nyungunyungu walitoweka. Udongo ukashikana kama simiti. Asubuhi moja Mwaitu alinusa, akanusa tena, akaurudisha ndani ya gunia taratibu.

"Mulwa, udongo wangu umeupeleka wapi?"

"Ndio huo, Mwaitu."

"Huu haunuki kitu."

Tangu siku hiyo akaanza kutaka kwenda kwao. Mchana mmoja majirani walimkuta amefika karibu na reli, fimbo mkononi, akiwaambia wapita njia kwamba anaenda kuangalia shamba lake. Mulwa aliacha kazi akaja mbio kumrudisha. Hakuweza kumgombeza.

Ndunge ndiye aliyemwita Christine, binti aliyesomea kilimo na anayewasaidia kina mama wa mtaa wa Kisumu Ndogo kupanda mboga kwenye magunia. Christine aling'oa mche mmoja, akaukung'uta.

"Angalia mizizi, mzee Mulwa. Kunde yenye afya huwa na vinundu hapa, kama shanga. Ndani yake kunaishi vijidudu vidogo hata jicho halivioni, na ndivyo vinavyoilisha. Hii ya kwako ni kama ploti ya kupangisha ambayo wapangaji wote wamehama."

"Nani amewafukuza?" Ndunge akauliza kwa ukali, akiitazama milango ya majirani mmoja mmoja.

Christine alikuwa anautazama mtungi. "Hayo maji ni ya nini?"

"Ya kusuuza. Safi kabisa! Unawajua watu wa Olympic, shuka lazima iwe nyeupe, kwa hivyo natia ile dawa ya madoa..."

"Hiyo dawa inaua, mama. Haichagui. Na sabuni nayo inabaki udongoni, inaugandisha."

"Kumbe nimemaliza wapangaji kwa usafi!" Ndunge akacheka, lakini kicheko chenyewe hakikufika mbali. Akakaa chini penye kizingiti.

Mulwa aliuliza neno moja tu. "Watarudi?"

"Acha hayo maji. Changanya majani yaliyooza, uufungue udongo upumue. Kisha utafute udongo kidogo ulio hai wa shamba lile lile, palipoota kunde. Ni kama uji wa jana unavyochachusha wa leo."

Mulwa akampigia Muia simu.

"Bro, shamba gani?" Muia akasema. "Wale jamaa walitoa udongo wa juu kwanza, wakautupa bondeni. Wa chini ndio wanachoma. Sasa ni mashimo na tanuri. Hata nyasi imegoma."

"Hata pale mpakani, kwenye katani?"

"Pale ndipo lori hugeuzia."

Wakati huo Mulwa alikuwa kwenye mjengo mtaa wa Kawangware, akichimba msingi wa gorofa mahali ambapo watu walikuwa wakilima sukuma na maharagwe. Kila sepetu iliinua udongo mweusi, wenye harufu ya mvua, nyungunyungu wakijikunja ndani yake kama wanaona aibu kuangaliwa. Msimamizi alikuwa akihimiza, kwa kuwa kesho yake ni kumwaga zege. Mulwa alijua huo si wa Mwala. Lakini angerudi vipi mikono mitupu? Akajaza mkebe wa rangi.

Aliuchanganya juu ya gunia pamoja na majani yaliyooza, akaulinda dhidi ya maji ya kusuuzia. Baada ya wiki kadhaa akachota kiganja, akamwekea mama yake mkononi. Ndunge alisimama mlangoni, ameziba mdomo kwa leso.

Mwaitu alinusa kwa muda mrefu. Uso ukalegea.

"Huu uko hai," akasema.

Mulwa akashusha pumzi.

"Ni mzuri sana. Lakini ni wa watu. Warudishie, mwanangu, wasije wakakosa mboga."

Kule Kawangware zege lilikuwa limekwisha kukauka juu ya shamba lile, na ni Mulwa mwenyewe aliyelibeba kwa ndoo. Mwaitu akajipangusa mikono kwenye kanga, akaipapasa fimbo yake.

"Haya. Sasa nipeleke nikauangalie wangu."

Ndunge aligeuka akaingia ndani. Mulwa akashika ncha ya fimbo, wakatoka, mama nyuma yake, akitembea haraka kwa furaha. Walipofika relini Mulwa alisimama, kwa kuwa hakujua amgeuzie upande gani.