Sultani Tuliyemsikia Dirishani

Kwa baba mkwe wangu kule Lufingo televisheni ilikuwa ya nyumba nzima, lakini sebule ilikuwa ya mzee. Siku hizi wengi wameacha, hasa walioolea mjini, ila yule alitaka mambo ya zamani: mke wa mwanawe asimwone uso, asikae naye chumba kimoja, wakikaribia kukutana njiani mwanamke ajifunike kanga aingie migombani mpaka mzee apite. Kwetu Wanyakyusa hiyo ni heshima, na mimi niliishika. Niliolewa pale msichana, nikafiwa na mume palepale, na miaka yote hiyo baba mkwe nilimjua kwa kikohozi chake na kwa viatu vyake mlangoni.

Kwa hiyo ile tamthilia ya ikulu ya Masultani wa Uturuki, iliyotiwa sauti za Kiswahili, watu waliiona. Mimi niliisikia. Tukishamaliza kuosha vyombo vya jioni, mimi na mke wa shemeji yangu mkubwa tulichukua vigoda vyetu tukakaa nje chini ya dirisha la sebule, tumejifunga mablanketi, maana baridi ya kwetu haina utani. Ndani alikaa mzee na binti yake, wifi yetu, ambaye ndoa ilimshinda akarudi nyumbani. Yeye ni damu, anaruhusiwa kuona. Sisi tulioletwa kwa ng'ombe tulisikiliza.

Wifi ndiye alikuwa macho yetu.

"Sasa kanyamaza, anamwangalia tu," anaturushia maneno dirishani.

"Nani anamwangalia nani?"

"Mama wa mtoto wa kwanza anamwangalia mshona mapazia. Ee Kyala, Mungu wangu, jicho hilo!"

"Jicho la namna gani?"

"Kama lako ukiona mtu kaazima jembe lako bila kuuliza."

Tunacheka, mzee anakohoa, tunanyamaza.

Mshona mapazia alikuwa mtumwa aliyeletwa ikulu kushona, Sultani akampenda, akamzalia mtoto wa kiume. Mama wa mtoto wa kwanza wa Sultani akaona hatari. Kule ikulu mtoto mmoja akikalia kiti, ndugu zake wananyongwa kwa kamba, ndiyo sheria yao. Basi kila mama anampigania wake. Mimi nilikuwa upande wa mshona mapazia tangu siku ya kwanza. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyezoea kuambiwa toka.

Kusikia bila kuona kuna mambo yake. Mwanamume mmoja alikuwa anawasemea Sultani na mpishi, sauti ileile. Muda mrefu mke wa shemeji alidhani ni mtu mmoja. Siku moja shambani, tukichuma chai, akaniuliza kwa huruma kabisa, "Mdogo wangu, Sultani gani huyu anajikatia vitunguu mwenyewe? Wake wote wale wanafanya nini?" Wifi alicheka mpaka kikapu kikamdondoka mgongoni.

Tena kulikuwa na mvua. Anayeijua Rungwe anajua mvua yake kwenye bati: huwezi kusikia hata mtoto wako akilia. Siku za mvua tulimsubiri wifi atoke atusimulie. Naye alisimulia vizuri, kwa mikono na macho. Mara moja alituambia mshona mapazia amekufa, kasukumwa kisimani. Mke wa shemeji alilia machozi ya kweli. Kesho yake jioni tunasikia mshona mapazia anazungumza ndani, mzima kabisa, anaagiza maji ya kuoga. "Nilitaka kuona nani atalia," wifi akasema. Tukachukulia ni utani. Mimi pia nilicheka. Mtu akikudanganya kwa jambo dogo ukacheka, amekwishakupima.

Mambo yenyewe yalikuwa asubuhi, kwenye kuchuma chai. Wanawake wa mashamba ya jirani walikuja na pande zao. Wa mama wa mtoto wa kwanza walikuwa wengi, kwa sababu yeye ndiye mke aliyetangulia, na wanawake wa kanisani wanapenda aliyetangulia. Sisi wa mshona mapazia tulikuwa wachache lakini tulikuwa na midomo. Tulibishana huku mikono inakwenda, majani mawili na kichipukizi, tupa nyuma kikapuni. Mtu akishindwa hoja anasema, "Wewe ndiyo maana mumeo anakula kwa jirani," na hapo kila mtu anacheka na ubishi unaanza upya.

Shamba nililokuwa nachuma lilikuwa langu. Nasema langu, wao wanasema la ukoo. Mume wangu na mimi tulilipanda tangu pale njia inapopita mpaka chini kwenye kijito, mimi nina mimba ya binti yetu, naweka miche kwenye mashimo nimepiga magoti kwa sababu kuinama kulinishinda. Halafu homa ikamchukua. Aliniachia binti mmoja, ambaye ameolewa mbali, na shamba lile. Arobaini ilipopita tu shemeji mkubwa akaanza: shamba la ukoo halikai kwa mwanamke asiye na mtoto wa kiume. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayesema leo kutanyesha. Mzee peke yake ndiye aliyemzuia. Nilimsikia kupitia dirisha lilelile: "Muache mke wa mdogo wako achume. Alipanda." Kwa hiyo nilijua pumzi ya mzee ndiyo ulinzi wangu. Akili yako ikuambie kama mtu mwenye ulinzi wa namna hiyo anaweza kumwekea sumu mzee yule, kama walivyokuja kusema.

Ikaja ile sehemu ambayo mama wa mtoto wa kwanza alipanga kumuua mtoto wa mshona mapazia. Asubuhi yake kwenye chai hakuna aliyezungumza jambo lingine. Wifi akauliza, "Haya, ungekuwa wewe mshona mapazia, ungefanyaje?" Mmoja akasema angekimbia na mtoto. Mwingine akasema angemwomba Mungu. Wifi akanigeukia mimi. "Na wewe mtetezi wake?"

Nikasema, "Mimi? Ningetia sumu kwenye chakula, tena kwa mkono wangu huu, kabla hawajanichukulia changu. Kisha ningekaa chini niwaangalie wakila."

Wakapiga makofi. "Huyo ndiye malkia!" Wifi alinigonga kiganja. Mke wa shemeji alikuwa mstari wa pili kutoka kwangu, alicheka mpaka akafuta macho kwa kanga. Jambo likaishia pale, nilivyodhani.

Haukupita muda mzee akaumwa tumbo. Chakula cha siku ile nilipika mimi, ndizi kwa maharage, na wifi ndiye aliyekipeleka ndani, kama kawaida, maana mimi sivuki kizingiti kile. Mzee aliharisha, akatapika, miguu ikamlegea. Zahanati walimpa dawa akaanza kupata nafuu. Lakini shemeji alikuwa amekwishaita kikao cha ukoo.

Wanaume walikaa sebuleni. Mimi na mke wa shemeji tukakaa nje, mahali petu, chini ya dirisha. Shauri ni langu na mimi siwezi kuingia, kwa sababu mzee yumo ndani. Maneno yangu lazima yabebwe. Na mbebaji, kwa kuwa ni damu na ni mwanamke, ni wifi.

Nikamsikia shemeji ndani. "Mwulizeni. Alisema au hakusema, mbele ya watu, kwamba atatia sumu kwenye chakula kabla hawajamchukulia chake?"

Wifi akatoka. Alisimama mbele yangu, hakuniangalia usoni. "Umesikia wanavyouliza."

"Nimesikia. Kawaambie tulikuwa tunazungumza mambo ya tamthilia. Wewe mwenyewe ndiye uliyeniuliza ningefanyaje ningekuwa mshona mapazia. Waambie hivyo, na uwaambie ulinigonga kiganja."

"Sawa."

Akaingia. Mvua haikuwepo siku ile. Nilisikia kila neno.

"Anasema ndiyo, alisema."

Basi. Hakuongeza neno. Nilingoja amalizie, kama ulivyongoja wewe unayesoma. Ndani wazee wakaguna. Mmoja akasema, "Amekiri." Shemeji akasema, "Mimi sina zaidi."

Nikamgeukia mke wa shemeji. Alikuwa karibu nami kiasi kwamba mablanketi yetu yaligusana. "Dada, ulikuwepo. Umesikia nilivyomwambia sasa hivi. Piga sauti tu hapo dirishani, waambie."

Alikuwa anachezea uzi wa blanketi. "Mdogo wangu," akasema kwa sauti ndogo, "mimi nina watoto mle ndani ya nyumba ya yule mwanamume."

Ndipo nikaingia.

Sikupanga. Miguu ilinyanyuka, nikavuka kizingiti ambacho sikuwahi kukivuka hata siku moja. Wanaume waliruka kama nimeingia na nyoka. Mmoja akajifunika uso kwa kofia. "Gwe mwanamke! Toka! Toka!" Niliiona televisheni kwa mara ya kwanza ikiwa kwenye kiti chake, ndogo kuliko nilivyodhani, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Niliwaza ikulu nzima na masultani wake wote wanaenea vipi humo. Na nilimwona baba mkwe. Mzee mwembamba, mweupe wa nywele, miguu ipo kwenye beseni la maji ya moto. Alikuwa na pua ya mume wangu. Hakuna aliyewahi kuniambia.

Nikasema, "Baba, yalikuwa mambo ya tamthilia. Mwanao ndiye aliyeniuliza."

Mzee aligeuzia uso ukutani. Sijui kama alinisikia. Mpaka leo sijui. Alichofanya ni kuinua kiganja kati yangu na yeye, kujikinga, na hakukishusha mpaka waliponishika mikono kunitoa.

Sumu hawakuihukumu tena. Hakukuwa na haja. Kuingia kulitosha: mkwe aliyemvamia mkwewe aliye mgonjwa mbele ya ukoo mzima. Arudi kwao mpaka ng'ombe wa kumtakasa mzee aletwe. Nyumbani kwetu wazazi wamekufa na kaka zangu hawana hata mbuzi, na shemeji alilijua hilo alipolisema. Nilitoka na mabegi mawili. Chai ilikuwa imechipua vizuri, ilihitaji kuchumwa wiki ile.

Watu wananiambia "ukoo wenu ulikutendea vibaya." Ukoo hauna mdomo wala mikono. Aliyetamani shamba ni shemeji yangu mkubwa. Aliyekata maneno yangu katikati ni wifi yangu, ambaye kwa kazi hiyo alipewa migomba ya upande wa juu ajenge hapo. Aliyenyamaza ni mke wa shemeji, na yeye namweka wa kwanza, maana wale wawili walikuwa na cha kupata. Huyu aliogopa tu, na nilikuwa nampenda.

Sasa ninaishi mjini, Bulyaga, nimepanga chumba kwa mama mmoja Mwislamu muuza maandazi, na ninauza ndizi sokoni. Mama huyo ni mtu mwema. Tamthilia ile imerudiwa, na anataka kila jioni nikakae naye sebuleni kwake. Nilikwenda mara moja. Alikuwa anaigombeza televisheni: "Waislamu gani hawa, kila siku divai, kila siku kunyongana! Sultani, muogope Mungu!" Nilimwona mshona mapazia, ni mwanamke mrefu, mzuri. Nikamuaga mwenye nyumba nikaenda kulala. Mzee alikufa masika yaliyofuata. Sikuitwa msibani, na hakuna tena wa kupelekewa ng'ombe, kwa hiyo wanasema shauri limefungwa.

Mwezi uliopita nilikwenda kufuata ndizi Lufingo. Njia ni ileile, inapita juu ya shamba. Mke wa shemeji alikuwa anachuma, peke yake. Niliangalia chai kabla sijamwangalia yeye. Vichaka vimeachwa vikakua ovyo, hakuna aliyepogoa, na kikapuni alikuwa anatupa majani magumu na vijiti.

"Mdogo wangu!" Alifurahi kweli, nilimwona. Akaja mpaka ukingo wa njia. Akaniuliza afya, akaniuliza binti yangu, kisha macho yakamng'aa kama zamani. "Unaifuatilia huko mjini? Imerudiwa bwana. Siku hizi mzee hayupo, tunakaa ndani, tunaona. Kumbe yule mpishi ni mfupi hivi, ana kitambi!"

Nikamwambia, "Mnaiua hii chai."

Akaangalia chini. "Shemeji yako hana muda nayo."

"Bado unaweza kusema ulichosikia. Kwa mwenyekiti wa kijiji, kwa mchungaji, kwa yeyote. Neno moja tu."

Alivuta kanga ikakaa vizuri begani. Aliniangalia kwa ile huruma yake, ya siku ya Sultani na vitunguu.

"Ee mdogo wangu, bado unayo moyoni? Achana nayo. Yale si yalikuwa mambo ya tamthilia tu."

Kijito kilisikika kule chini. Kwenye njia hapakuwa na mtu mwingine wa kulisikia neno lile, si mbele, si nyuma.

"Sema tena," nikamwambia.

Lakini alikuwa amekwishageuka, mkono uko kwenye kichaka, anakamata majani bila kuyachagua.