Mbulushi Aliyevaa Khanga za Bibi Kudra

Salwa binti Abdulnasiri hajawahi kuiona Irani, na Irani haina habari naye. Aliyetoka huko ni babu wa babu yake, Mbulushi mmoja aliyefuata misafara ya biashara kwenda bara mpaka miguu ikagoma, na ilipogomea ndipo Dodoma. Salwa kazaliwa hapa Chang'ombe, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Anakula mlenda kama sisi, na punda akimzibia njia anamtukana kwa Kigogo. Kilichobaki cha Uajemi ni pua yake tu.

Pua hiyo ndiyo iliyomponza. Alipenda maigizo tangu shule ya msingi, na kila mwalimu aliyetunga mchezo alimwangalia usoni akampa sehemu ya mkoloni. Alipokua, kina mama wa kanisa moja hapa mjini walimjia na mwenyekiti wao Raheli mbele, wakamwomba awe Bikira Mariamu kwenye igizo la Krismasi, kwa sababu anafanana na picha iliyoko ukutani. Baba yake, Mzee Abdulnasiri, muuza vipuri vya malori, akauliza kama Waislamu wa mji huu wamekwishiwa na kazi za kufanya. Salwa akaenda hivyo hivyo. Walisema hawajapata Mariamu mzuri kama yule, ila aliwakemea mamajusi kwa kuchelewa, jambo ambalo halimo katika Injili.

Ilipofika miaka ya ruksa, biashara ikafunguliwa, maduka yakajaa sabuni za kila rangi na walimu wakapunguzwa kazini. Mmoja wa waliopunguzwa alikuwa Batholomeo, akaanzisha kikundi cha maigizo. Kampuni ya sabuni iliwapa lori, wakawa wanazunguka nalo Ihumwa, Zuzu, mpaka Kolo kule Kondoa, wanaigiza juu ya bodi na kuuza miche ya sabuni chini. Salwa alikuwa mfadhili wa Kizungu. Alikuwa mke wa Mhindi. Mchezo wa malaria alivishwa pembe akawa shetani wa homa, na watoto wa Zuzu walimkimbia mpaka relini. Jambo moja hakuwahi kupewa: kuwa mtu wa hapa.

Mimi nilikuwa namfuatilia kwa karibu kuliko nilivyopenda, kwa sababu ya binti yangu Shamila. Shamila alikuwa akitoka shule haji nyumbani, anakwenda kukaa kwenye mazoezi, akirudi anatembea kama Salwa na kunijibu kama Salwa. Mama mwenye binti mmoja hulala jicho moja wazi.

Basi kikundi kikapata mchezo mkubwa, wa kuonyeshwa kwenye maonyesho ya wakulima. Mhusika mkuu ni bibi mmoja mkaidi wa mjini, anayetawala wanawe na wakwe zake kwa ulimi. Salwa aliitaka sehemu ile mpaka akakonda. Aliniambia akiikosa anaacha, anakwenda kukaa nyuma ya kaunta ya baba yake kuuza mikanda ya feni hadi kufa. Batholomeo alimjibu kwa upole kwamba watu hawatakubali, bibi wa Kiswahili mwenye pua ile, labda aigize mgeni anayekuja kununua karanga.

Wiki hiyo hiyo akafa mama mkwe wangu, Bibi Kudra. Mungu amrehemu, na mimi anirehemu kwa nitakayosema: hakuna aliyepumzika pale ila majirani. Bibi Kudra alikuwa Mnyamwezi wa mjini, na watani wake ni Wazaramo. Mila yetu ni kwamba siku ya kuondoa matanga watani huvaa nguo za marehemu, wakamwigiza, wakatukana walio hai, na watu wakacheka ndipo wakaachana na maiti wao. Lakini Wazaramo wetu, watu wa Mzee Makame, walikuwa wamehamia Dar es Salaam kuuza mitumba. Tukangoja. Wali ukaiva, dua ikaisha, hakuna aliyecheka. Mume wangu Khamisi alikaa kama gunia, hakuwa ametoa chozi wala neno tangu mazishini.

Mlango wa chumba cha marehemu ukafunguka. Akatoka Bibi Kudra.

Alikuwa amejifunga khanga zake mbili, bega la kushoto chini kuliko la kulia, ugoro mkononi, anaburuta ule mguu wake mbovu. Akasimama mbele ya sinia, akaonja, akatema.

"Nani kapika huu wali? Mke wa Khamisi? Nimekufa kwa presha, huu ungeniua mapema."

Mwanamke mmoja akaangua kicheko, akajiziba mdomo. Bibi akamgeukia Khamisi.

"Na wewe umenuna nini? Nimekubeba mgongoni mpaka una ndevu. Lia basi, nione kama nilizaa."

Khamisi akalia. Akacheka, akalia, makamasi yakamfika kidevuni, na ua mzima ukalipuka kwa kicheko. Mimi nilitazama pua, maana nilijua ni ya nani, lakini nakwambia sikuiona.

Kisha shemeji yangu Khalidi, mwenye kupenda taratibu, akauliza Mbulushi ni mtani wa nani mpaka amvae marehemu wetu. Mtani hulipwa, asiye mtani akifanya vile ni matusi. Khamisi akainuka, makamasi na yote, akakamata tetea akamkabidhi Salwa. Jambo likaisha: aliyepokea kuku wa matanga ni mtani.

Batholomeo alikuwa pale, ameshika mfupa. Akamfuata Salwa.

"Mbona hukuniambia kuwa unaweza?"

"Nimekwambia tangu uliponivisha pembe, mwalimu."

Siku ya maonyesho tulikwenda ukoo mzima kumwona Salwa akiwa bibi. Salwa hajamaliza hata sentensi ya kwanza, Khalidi akasimama katikati ya watu, kwa haki yake ya mtani mpya, akapaza sauti, "We Mbulushi, rudisha kuku wetu!"

Salwa hakutoka ndani ya bibi. "Khalidi, kaa. Ulikojoa kitandani mpaka umeota meno ya utu uzima, leo unadai kuku?"

Uwanja ulivunjika mbavu. Watu walidhani ndivyo mchezo ulivyoandikwa, na Batholomeo akamwomba Khalidi aje Ihumwa pia. Kuhusu pua, hakuna aliyeuliza.

Jioni yake Salwa akapita kwangu, bado na khanga za Bibi Kudra, anaburuta mguu kwa raha zake. Mtani akiingia nyumbani hujichukulia anachokipenda, hazuiwi. Akaangalia sufuria, akaangalia redio, akamnyooshea kidole Shamila aliyesimama mlangoni na macho yanawaka.

"Mama Shamila, mimi nachukua hiki."

Nikamwambia achukue kuku mwingine.