Kalamu Mpya Haitaki Nguvu

Kalamu yangu ya zamani ya insulini ni ya chuma, buluu iliyochujuka kwa kushikwashikwa. Ukizungusha kipimo, kitufe chake hutoka nyuma kikarefuka, na kukirudisha ndani kunahitaji dole gumba lenye nguvu. Dole gumba langu nililimalizia kwenye kofia. Nimeshona kofia tangu usichana wangu, mpaka likaanza kukwama: likikunjwa halikunjuki hadi nilivute kwa mkono wa pili. Daktari akasema hata hiyo ni kazi ya sukari. Siku hizi kila kitu ni kazi ya sukari. Nikijikwaa, sukari. Nikisahau, sukari. Hata nikikasirika mwanangu husema sukari imepanda, na mimi nimekasirika tu.

Kwa hivyo aliyekuwa akinipiga sindano ni mdogo wangu, kila asubuhi kabla ya chai. Nyumba zetu hapa mjini Amu zinatazamana, kichochoro katikati, na juu ya kichochoro kuna wikio, kile chumba chembamba kinachovuka njia na kuziunganisha nyumba mbili. Baba alitupa nyumba hizi tulipoolewa, na wikio akatuachia ili tusishuke ngazi na kuvaa buibui kwa ajili ya chumvi ya kuazima. Upepo hupita pale mchana kutwa, ndipo penye baridi kuliko pote, na kalamu yangu niliiweka mle kwenye kidaka cha ukutani. Mdogo wangu akija huichukua akipita.

Muuguzi alimfundisha kuwa sindano ikishaingia ahesabu hadi kumi kabla ya kuichomoa, dawa isije ikarudi nje. Yeye hakuhesabu. Alisoma Kulhuwallahu, polepole, kwa sauti ya chini, na sura ikimalizika huchomoa. Muuguzi alipoambiwa alicheka, akasema muda ni ule ule.

Halafu mdogo wangu akaniambia anauza nyumba yake.

Sitaki kuyarudia yote tuliyosemezana. Nilimwambia ana tamaa, nikamwambia Baba amshukuru Mungu kwa kuwa amekufa. Yeye akaniambia nyumba ni yake, na magoti ni yake, na ngazi hizi anazipanda yeye. Tokea siku hiyo tukanuniana. Salamu tulipeana, kwa kuogopa dhambi tu: yeye akitokea mlangoni mwa wikio hunitolea salamu kamili, nami humrudishia kamili, na hapo tumemaliza. Hunawa mikono, huzungusha kalamu, tk, tk, tk, hunishika nyama ya tumbo, huchoma, husoma sura yake, hurudi kwake. Hivyo ndivyo tulivyoishi, zaidi ya mwaka. Ile Kulhuwallahu ndiyo sauti yake pekee niliyokuwa nikiisikia, ukiondoa salamu. Nitasema wazi kwamba nilikuwa naamka kwa ajili yake.

Idi ilipofika, mwanangu anayefanya kazi Mombasa akaja na kalamu mpya. Ya plastiki, nyepesi, imekuja na dawa yake ndani, ikiisha unaitupa. Kitufe hakirefuki hata ukizungusha kipimo kikubwa. Unakigusa tu na kalamu inajisukuma yenyewe. Aliniambia ameshauliza hospitalini, dawa ni ile ile na kipimo ni kile kile, nikikubali wataniandikia hiyo. Akasema kalamu mpya haitaki nguvu, nitaweza mwenyewe bila kumsumbua mtu.

Nikamwambia nitafikiri. Alipoondoka niliitia ndani ya friji, nyuma ya kopo la samli, ambako mtu mwingine hapeleki mkono.

Akipiga simu nilikuwa na majibu tayari. Ya zamani haijaharibika. Kutupa kitu kizima kila kikiisha dawa ni israfu. Macho hayajaizoea. Alikuwa ananisikiliza kwa ile subira ya watoto wanaodhani mama zao wameanza kupotea. Sikumwambia kwamba nikiichukua kalamu ile, mdogo wangu hatakuwa na sababu ya kuvuka wikio. Tungebaki kila mmoja na ukuta wake, na salamu ya Ijumaa pengine. Mtu hawezi kumwambia mwanawe jambo kama hilo kwa simu.

Mara moja niliijaribu, peke yangu jikoni. Nikatia sindano, nikazungusha kidogo, nikaielekeza kwenye sinki na kugusa kitufe kwa kidole cha mwisho, kile dhaifu kuliko vyote. Dawa ikatoka bila taabu. Niliogopa, kwa sababu nimeweza. Nikairudisha nyuma ya samli.

Kisha siku moja fundi alikuja kuupima mlango wa wikio. Mnunuzi alitaka uzibwe. Nilimsikia akigongagonga mawe upande wa pili, nikajua mambo yameshaiva. Asubuhi ya pili yake mdogo wangu alikuja, akanipiga sindano, akasoma, akachomoa. Hakuondoka. Akakaa kwenye kiti cha marehemu mume wangu, magoti ameyashika kwa mikono miwili.

"Kalamu mpya i wapi?" akaniuliza.

Nikamuuliza kalamu gani.

"Usinifanye mtoto, dada. Ni mimi nilomwambia mwanao aiete."

 Akaniambia kwamba mnunuzi alikuwa tayari tangu kabla ya Ramadhani, na yeye ndiye aliyekuwa akimzungusha: leo dari inavuja, kesho hati hazijakamilika, keshokutwa mjukuu anaumwa. Binti yake Mombasa amemwekea chumba cha chini, hakuna ngazi hata moja, kinamngoja. Ameshaanguka mara mbili hapa kwenye ngazi, na mimi sikujua kwa kuwa hatusemezani.

"Nalitafuta mtu wa kuya kukupiga sindano kulla asubuhi," akasema. "Mtu sikupata. Nikapata kalamu."

Akainuka kwa taabu, akashika ukuta, akavuka kwake. Mbele yake sikulia. Nilipousikia mlango wake umefungwa nililia mpaka chai ikapoa. Nililia kwa hasira kwanza, kwamba ananiachia kitu cha plastiki badala yake mwenyewe. Hasira iliponiishia nikabaki na yale magoti.

Kulipopambazuka niliitoa kalamu nyuma ya samli, nikaiweka mezani kabla hajaja. Nikamwambia nifundishe. Akavaa miwani, akaisoma ile karatasi yenye picha, akanionyesha namna ya kukaza sindano na namna ya kuitazama namba katika kidirisha. Baada ya hapo kila siku alikuja akakaa, mikono mapajani, akinitazama. Nikikosea alinyoosha kidole. Nikipatia alitikisa kichwa. Tukaanza kusemezana, mwanzo habari za kalamu tu, kisha bei ya samaki, kisha watu waliokufa. Siku zilikuwa chache, nasi tulikuwa tumezipoteza nyingi.

Sasa mlango umezibwa. Chokaa yake ni nyeupe kuliko ukuta wote, na kidaka kimebaki upande usio wangu. Kalamu naiweka kwenye kikombe cha udongo kando ya mtungi. Naizungusha mwenyewe, nagusa kitufe, nahesabu hadi kumi kama alivyosema muuguzi. Mwanangu anafurahi na ananisifu kwa watu.

Asubuhi aliyoondoka, masanduku yake yalikuwa yameshateremshwa gatini, na boti ilikuwa inangoja abiria wa mwisho. Alikuja amevaa buibui tayari. Nilikuwa nimeitoa ile kalamu ya chuma. Nikamwambia kichupa chake cha ndani kina dawa kidogo iliyobaki, ni hasara kuimwaga, na dole gumba langu ndilo hilo. Alijua kwamba ile mpya ilikuwa mezani na kwamba naiweza. Aliitazama, akanitazama mimi, akaenda kunawa mikono.

Akazungusha, tk, tk, tk. Akanishika nyama ya tumbo, akachoma, akakisukuma kitufe mpaka mwisho. Akaisoma Kulhuwallahu polepole, kwa sauti ile ya chini. Ikamalizika, hakuchomoa. Akaanza tena kutoka juu, nami nikatulia nisije nikamkatiza.