Unga wa Matanga Uliofika Msambweni

Mwezi uliopita tulimzika mama, na mpaka leo kuna jambo moja linaniudhi: hakuja mtu hata mmoja na unga. Usinicheke. Watu walikuja wengi, alhamdulillahi, michango ikatumwa kwa simu, na pilau ikaletwa na wapishi wa kukodi. Lakini zamani kwetu Kwale mwanamke hakuwa akienda matangani mikono mitupu. Alibeba unga, au kuni, au ndoo ya maji kichwani. Nilikaa mkekani nikitazama mlango, mpaka dada yangu akaniuliza namngoja nani.

Basi nikueleze. Nilikuwa mtoto mdogo, nikikaa na nyanya huko mlimani Kwale. Mama alikuwa amelazwa Msambweni, na asubuhi moja jirani akatuletea ujumbe: hali yake si nzuri, anayetaka kumwona aende sasa. Siku hiyo matatu zilikuwa zimegoma. Nyanya hakungoja. Alijifunga leso moja kibwebwe, nyingine akajitanda, akanishika mkono tukateremka kwenda Kombani kwa miguu.

Wee, njia ile! Viatu vyangu vya plastiki vilinikata visigino, nikavivua, na lami nayo ikanichoma nyayo. Muuza madafu alitukatia moja tukanywa kwa zamu, akakataa hata kushukuriwa. Mwenye baiskeli alinipakia juu ya gunia lake la makumbi ya nazi hadi Ukunda, akienda polepole kwa ajili ya nyanya, ambaye hakuacha kumfokea kwamba ataniangusha. Kila aliyetupa pole ya safari nilimnunia. Nilimtaka mama, basi.

Alasiri, tulipoelekea upande wa Kinondo, tulimkuta mama mmoja barazani kwake akipepeta mchele. Katika kijiji cha mbele kulikuwa na msiba, na tangu asubuhi wanawake walikuwa wakipita kwenda huko. Alipomwona nyanya na leso zake, uso umemwiva kwa huzuni, na mimi nalia, akadhani nasi twaenda huko huko. Salamu hazijesha, alikuwa ameshaingia ndani akatoka na unga wa mahindi kwenye kitambaa.

"Nifikishieni, mama. Nina mtoto mchanga, siwezi kutoka. Mwenyezi Mungu awape subira."

"Mwanangu, sisi hatuendi matangani," nyanya akasema. "Twaenda kwa mgonjwa. Mamake huyu."

Yule mama alishika kichwa. "Astaghfirullah! Nisamehe, mama, nimewatakia mabaya!"

Nyanya akamrudishia unga, yule mama akakataa. Kwetu kitu kilichotolewa kwa nia ya heri hakirudi jikoni. "Mpikieni mgonjwa uji," akasema, kisha akatuingiza ndani, akatulisha muhogo wa nazi, akatulaza kwenye mkeka wake mwenyewe. Hakutuuliza sisi ni kina nani.

Asubuhi nilikataa kuubeba ule unga. Niliuogopa kuliko nyoka. Akilini mwangu unga wa matanga ulikuwa ukitafuta matanga, na tukiufikisha Msambweni tutamkuta mama ameshakufa. Nikamsihi nyanya tuutupe kichakani.

"Ebo! Unga ni unga, we mtoto. Wenyewe haujui uendako."

Akaubeba yeye. Lakini kila tulipopumzika nilimwona akiutazama, midomo yake ikisoma dua. Nikajua naye anaogopa.

Tulimkuta mama yu hai, amekonda, hata sauti hana. Nyanya aliomba moto nje kwa jamaa za wagonjwa wengine, akapika uji. Mama alipopeleka kijiko cha kwanza mdomoni nilifumba macho. Nilipoyafumbua alikuwa akitaka cha pili. Aliishi, akanilea, akazeeka, akawacheka wajukuu.

Juzi nilinunua unga, nikaufunga kwenye leso ya mama, nikaenda kumtafuta yule mwanamke. Pale hapana baraza tena. Pana ukuta mrefu uliopandwa vigae vya chupa juu, na geti jeusi, na ukimaliza ukuta huo unaanza mwingine. Nilisimama nikawaza, ningepita leo na nyanya hapa, nani angekosea akatudhania twaenda matangani? Nani angetuona, hata akosee?

Bawabu akatoka, kijana wa bara. "Unatafuta nani, madam? Jina yake?"

Jina silijui. Hakutuuliza letu, wala sisi hatukumwuliza lake. Nilianza kumweleza, nikaishia kumnyooshea kile kifurushi.

Akakifungua kidogo, akanitazama. "Ni unga ya nini, mama? Kuna matanga?"

"Yapo, mwanangu," nikamwambia.

Akaegemeza rungu lake ukutani, akaupokea kwa mikono miwili. "Pole sana," akasema, akaenda kuniletea kiti.